Kilichofutwa Pichani Kimekwenda Wapi?

Bibi harusi amependeza, shela limekaa sawasawa, tabasamu ni lile lililosubiriwa tangu asubuhi. Nyuma ya bega lake kuna ndoo ya bluu. Siku ya harusi hakuna aliyeiona. Leo picha imefunguliwa kwenye simu na hakuna anayeona kingine. Zamani picha hiyo ingepelekwa kwa fundi wa studio mwenye kompyuta, naye angekaa nayo akinakili kipande cha ukuta na kukipandikiza juu ya ndoo, kidogo kidogo. Siku hizi mwenye simu hupitisha kidole juu ya ndoo, akasubiri sekunde chache, na ndoo haipo.

Namna ya kufanya kazi hiyo ikatoka safi, na picha zipi zisiguswe kabisa, ni mambo mawili yanayotegemea jambo moja ambalo matangazo ya simu hayalitaji: programu haijui kilichokuwa nyuma ya ndoo. Itajuaje, ikiwa kamera yenyewe haikukiona? Inachofanya ni kukisia, kisha kulichora kisio lake juu ya ndoo. Ukishalielewa hilo, maswali mengine yote yanajijibu kwa urahisi.

Kisio hilo lina historia. Mwaka 2000 Marcelo Bertalmio na wenzake walionyesha kwenye mkutano wa SIGGRAPH jinsi kompyuta inavyoweza kuziba pengo la picha kwa kuendeleza mistari na rangi kutoka ukingoni kwenda ndani, wakifuata mbinu za mafundi wanaokarabati michoro ya makumbusho. Mwaka 2009 ikaja PatchMatch ya Connelly Barnes na wenzake, ambayo hutafuta kwa kasi vipande vinavyofanana ndani ya picha ileile. Mwaka uliofuata Photoshop CS5 ikatoka na Content-Aware Fill, na watu wengi wakaona kwa mara ya kwanza nguzo ya umeme ikiyeyuka angani. Hadi hapo kompyuta ilikuwa kama fundi anayeziba tundu la mkeka: hutazama ukili wa pembeni akaufuata.

Akili mnemba ya sasa imepita hapo, kwa sababu imefunzwa kwa picha nyingi mno za watu wengine. Mwaka 2021 watafiti wa Samsung walitoa mfumo uitwao LaMa, ambao vifutio vingi vya bure vya mtandaoni vimejengwa juu yake. Mei 2023 Adobe wakaleta Generative Fill, ambayo haiishii kuendeleza ukuta. Inaweza kubuni dirisha, mti au mtu. Tofauti hii si ya wataalamu peke yao. Kifutio cha aina ya kwanza kikikosea, utaona jiwe lilelile limejirudia mara tatu, au majani yametengeneza mpangilio wa ajabu. Cha aina ya pili kikikosea, kinakuletea kitu kipya: umefuta ndoo, umepewa chungu cha maua. Kinaweza kupendeza, lakini hakikuwapo.

Kuhusu vifaa, pengine huhitaji kupakua chochote. Samsung waliweka Object Eraser kwenye Galaxy S21 mwaka 2021, na simu nyingi za Galaxy zilizofuata zinayo ndani ya galari, sehemu ya kuhariri. Google walianza na Magic Eraser kwenye Pixel 6 mwaka huohuo, baadaye wakaifungulia waliolipia Google One, na kuanzia 15 Mei 2024 wakaiachia bure kwa wenye Google Photos, iwe Android au iPhone, ilimradi simu isiwe ya zamani sana. Apple wana Clean Up tangu iOS 18.1 ya Oktoba 2024, ila inaanzia iPhone 15 Pro. iPhone 15 ya kawaida haimo. Mwenye simu ndogo ajaribu Snapseed, ambayo ni ya bure. Kifutio chake, Healing, ni cha mtindo wa zamani, lakini kwa doa la ukutani au waya mmoja kinatosha kabisa. Kwenye kompyuta, asiyetaka kulipia Photoshop ana GIMP na kiongezo chake cha Resynthesizer.

Zaidi ya hizo, maduka ya programu yamejaa vifutio vyenye majina yanayofanana. Sioni sababu ya kuanza navyo. Baadhi hutoa siku chache za bure, kisha huanza kukata fedha kila wiki hata kama programu umeshaifuta kwenye simu. Ukilazimika kujaribu moja, soma kwanza namna ya kusitisha malipo.

Sasa kazi yenyewe. Anza na picha asilia, si ile iliyotumwa kwenye kundi la ukoo. WhatsApp huibana picha ili iwe nyepesi, na katika kuibana huacha vijiraka vidogo vya rangi ambavyo kifutio huvichukulia kuwa sehemu ya ukuta. Kisio linalojengwa juu ya vijiraka hivyo hutoka na ukungu. Mwombe aliyepiga akutumie kama dokumenti, au akupe kwa kebo. Kisha fanya nakala, na uihariri nakala hiyo. Picha asilia ibaki ilivyo. Kuna siku utaihitaji.

Kabla hujagusa kifutio, jaribu kukata. Ndoo ikiwa pembeni, kuisogeza nje ya fremu huchukua muda mfupi zaidi na hakuna kisio lolote linaloingia. Inashangaza ni picha ngapi zinazopelekwa kwa akili mnemba huku zikihitaji mkasi tu.

Ikibidi kufuta, vuta picha karibu mpaka kitu kijae skrini, kisha pitisha kidole kipana kuliko kitu chenyewe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanafuata ukingo wa ndoo kwa uangalifu mkubwa, wakiamini ndio ustadi, na ukanda mwembamba wa bluu unabaki. Programu inapotazama pembeni ili ikisie, inakuta bluu, na inaendeleza bluu. Acha nafasi kidogo ya ukuta safi ndani ya eneo ulilochagua. Na usisahau kivuli. Kivuli cha ndoo kikibaki sakafuni, mtazamaji atahisi kuna jambo hata kama hajui ni lipi. Na kwenye vifutio vinavyobuni, kivuli kilichobaki ni mwaliko wa kuleta kitu kingine cha kukimiliki. Vivyo hivyo taswira ya kitu kwenye maji, kioo, au vigae vilivyopigwa deki vikang'aa.

Waya wa umeme unaokatiza anga ufute kwa vipande, kutoka nguzo hadi nguzo, badala ya kuuzungushia duara moja kubwa. Pale unapopita mbele ya mnazi, fanya kipande hicho peke yake, kwani huko programu inapaswa kukisia makuti, si anga. Matokeo ya kwanza yasipopendeza, rudisha nyuma na ujaribu tena kwa eneo lililobadilika kidogo. Kufuta juu ya kilichofutwa vibaya hufanya hali iwe mbaya zaidi, kwa kuwa sasa unakisia kutokana na kisio.

Anga, mchanga, bahari, nyasi na ukuta wa rangi moja ndiyo mandhari rahisi. Ugumu uko kwenye vitu vyenye mpango. Chukua kanga. Ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, na ina jina. Mama amepigwa picha akiwa amejitanda, mkoba wa mtu mwingine umeziba herufi nne za jina. Ukiufuta mkoba, programu itachora pindo linalokaribia kufanana, ingawa ukilitazama vizuri utakuta maua hayalingani na ya upande wa pili. Kwenye jina ndipo itakapoaibika: itakuletea vistari vyeusi vyenye umbo la herufi, visivyosomeka katika lugha yoyote. Yeyote anayezijua kanga ataona. Hali ni hiyohiyo kwa vitenge, vigae, matofali, milango ya nakshi ya Lamu na Zanzibar, mabango ya maduka na namba za magari. Ukikutana na mpango uliokatizwa, uliza kama mkoba huo unasumbua kiasi hicho. Mara nyingi ni afadhali ubaki.

Kumfuta mtu kwenye picha ya kundi ni ngumu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu watu hushikana. Ukoo ukiamua kumwondoa mtalaka kwenye picha ya Idi au ya Krismasi, hilo ni la ukoo. Ila wajue mkono wake utabaki begani mwa shangazi, na ukifutwa huo mkono, shangazi atapewa bega jipya. Nguo iliyoguswa, nywele zilizoguswa, vidole vilivyofumbatana, vyote hutakiwa kuchorwa upya, na jicho la binadamu ni kali sana kwa mwili wa binadamu mwenzake.

Picha za zamani za wazee zinastahili tahadhari ya pekee. Mikwaruzo, madoa ya maji na alama za kukunjwa zilizo ukutani, angani au kwenye kanzu zifute bila wasiwasi. Zikipita usoni, simama. Babu aliyepigwa picha moja tu maishani, na mkunjo wa karatasi umepita kwenye jicho lake, ukiipa programu ilizibe, atapata jicho lililokisiwa kutokana na macho ya watu ambao hawakuwahi kumjua. Wajukuu watakuja kulikariri jicho hilo wakidhani ni lake. Afadhali mkunjo ubaki, au apewe mchoraji aliyewahi kumwona. Na kama picha inang'aa kwa sababu ya mwanga unapoipiga kwa simu, tumia PhotoScan ya Google: hupiga mara kadhaa kutoka pembe tofauti na kuondoa mng'ao kwa kuchukua sehemu safi ya kila moja. Hapo hakuna kinachobuniwa.

Mbinu hiyo ya kuchanganya picha kadhaa inafaa ipewe nafasi kubwa kuliko inayopewa, maana ndiyo pekee inayokupa kile kilichokuwapo kweli nyuma ya kizuizi. Tuseme unataka Ngome Kongwe pale Forodhani, Zanzibar, bila msongamano wa watu mbele yake. Simamisha simu au kamera kwenye stendi, au iegemeze juu ya ukuta, usiisogeze, kisha piga picha kumi na tano hivi kwa kuachia sekunde kadhaa kati ya moja na nyingine. Watu wanatembea, ngome haitembei. Kila sehemu ya ukuta itakuwa wazi katika picha nyingi na kuzibwa katika chache. Kwenye Photoshop, menyu ya File, ingia Scripts, kisha Statistics, uchague Median. Kwa kila pikseli programu hupanga thamani zote na kuchukua ya katikati, na wapita njia wanaondoka. Aliyekaa palepale muda wote, kama muuza madafu, atabaki, na ni haki yake.

Jambo hili ni la kale kuliko kompyuta. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya Boulevard du Temple, Paris, mtaa uliokuwa na pilikapilika za farasi na mikokoteni. Bamba lake lilihitaji mwanga wa dakika kadhaa, hivyo kila kilichokuwa kikitembea hakikuacha alama. Mtaa unaonekana mtupu, isipokuwa mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu.

Ukimaliza kufuta, usiitazame picha kwa ukubwa wa kiganja. Ivute karibu uikague kipande kwa kipande. Mstari wa bahari umenyooka pande zote mbili za pale palipokuwa na mtu? Kuna jani, jiwe au wingu lililojirudia? Ule mchanga wa chembechembe unaoonekana kwenye picha za usiku upo pia kwenye kiraka, au kiraka kimelainika kama plastiki? Geuza picha kushoto-kulia, kasoro huonekana haraka zaidi. Kwa picha itakayochapishwa kubwa, kagua mara mbili. Generative Fill ilipoanza ilikuwa ikitoa kiraka cha pikseli 1024 kwa 1024 bila kujali ukubwa wa eneo ulilochagua, kwa hiyo eneo kubwa lilinyooshwa likapata ukungu. Dawa ilikuwa kufuta kwa maeneo madogo, na bado ni desturi nzuri.

Kuna upande mwingine wa kufuta: kuficha. Watu hutumia vifutio hivi kuondoa namba ya gari, anwani ya nyumba au uso wa mtoto kabla ya kuweka picha hadharani, na hilo ni jema. Kwenye iPhone yenye Clean Up, ukichora juu ya uso wa mtu, simu inaweza kuusambaratisha kwa miraba badala ya kubuni uso mwingine, jambo linalofaa kwa picha za shule. Ila kumbuka kwamba kibao cha nyumba kikifutwa, faili bado linaweza kubeba mahali picha ilipopigwa, likiwa limeandikwa na GPS ya simu. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo huondolewa. Ukiituma kama dokumenti, kama nilivyoshauri pale juu kwa ajili ya ubora, huenda nazo zote. Kwa hiyo dokumenti ni ya kumpa mtu unayemwamini.

Na picha yenyewe inakwenda wapi unapoifuta? Vifutio vingine hufanya kazi ndani ya simu, vingine huipeleka picha kwenye kompyuta za kampuni, ikafanyiwa kazi huko na kurudi. Generative Edit ya Samsung, kwa mfano, ilipoanza haikufanya kazi bila intaneti, na huacha alama ndogo pembeni kuonyesha kwamba akili mnemba imehusika. Kipimo rahisi: zima data na Wi-Fi, kisha jaribu. Kikikataa, picha yako husafiri. Kwa ndoo ya harusini si neno, ni bando tu linaloliwa. Kwa picha ya mgonjwa, mwanafunzi au kitambulisho cha mtu mwingine, ni jambo zito: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mwalimu, nesi au karani anayepakia picha hizo kwenye tovuti ya bure anaweza kujikuta akihojiwa.

Hadi hapa tumezungumzia picha za mtu binafsi, ambazo kisio lake halimdhuru yeyote. Zipo ambazo kisio humdhuru anayeziamini. Ya kwanza ni ya habari. Septemba 2013 Narciso Contreras, mpiga picha wa kujitegemea aliyekuwa akilifanyia kazi shirika la Associated Press, alimpiga mpiganaji wa Syria akijikinga mkoani Idlib. Pembeni chini ilionekana kamera ya video ya mwenzake. Akaifuta, akaijaza kwa udongo. Kamera hiyo haikubadilisha lolote kuhusu vita. Hata hivyo Januari 2014, baada ya yeye mwenyewe kulieleza shirika, AP ilivunja uhusiano naye na kuziondoa picha zake kwenye hazina yake ya umma, ingawa ilikagua karibu 500 na haikukuta nyingine iliyoguswa. Alikuwa mmoja wa timu iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 2013. Wengine huona adhabu hiyo ni kali mno. Mimi naona ilistahili, kwa sababu msomaji wa gazeti hana njia ya kujua ni udongo upi ulikuwapo na upi ulichorwa. Anayetuma picha za ajali, mafuriko au mkutano wa hadhara kwa mwandishi wa habari, au anayezisambaza mwenyewe, azitume zilivyo, ndoo zikiwamo.

Ya pili ni ya biashara. Nyumba ya kupangisha iliyofutwa ufa, kiwanja kilichofutwa mkondo wa maji, gari lililofutwa mbonyeo: huo ni udanganyifu, na dalali hawezi kujitetea kwa kusema ni programu iliyofanya. Kuondoa ndoo ya fundi na fagio sebuleni kabla ya kupiga ni usafi. Kumwondolea mnunuzi kasoro atakayoilipia ni jambo lingine. Mipaka ni hiyohiyo kwa picha za madai ya bima na za mgogoro wa mpaka wa shamba. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania, ya 2015, inaitaka mahakama ipime jinsi ushahidi wa kielektroniki ulivyotengenezwa na kutunzwa, na picha iliyopitishwa kifutio, hata kwa nia njema ya kuondoa kidole kilichoziba lenzi, inampa wakili wa upande wa pili pa kushika. Peleka asilia.

Nembo ya mpiga picha iliyowekwa juu ya picha za mfano isifutwe. Vifutio vya leo huiondoa kirahisi, na kila mpiga picha wa harusi analijua hilo. Anategemea uungwana wa mteja na sheria ya hakimiliki.

Mwisho kuna picha za pasipoti, viza na vitambulisho, na hizi ndizo zinazowagharimu watu bila kujua. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inakataza picha iliyobadilishwa kwa programu, kichujio au akili mnemba. Waombaji wa bahati nasibu ya viza ya nchi hiyo, ambao Afrika Mashariki ni wengi, wamekuwa wakitakiwa kutoa picha ya mraba ya pikseli 600 kwa 600 hadi 1200 kwa 1200, faili lisilozidi kilobaiti 240, iliyopigwa ndani ya miezi sita, bila miwani. Kurekebisha vipimo ni halali. Kumfuta mtu miwani aliyoivaa si halali, kwa kuwa macho yaliyobaki nyuma ya vioo yatakuwa yamechorwa, na mashine ya kulinganisha sura itakuja kumpima kwa macho hayo. Ivue kabla ya kupigwa. Ukuta wa nyuma ukiwa na doa, tundika shuka nyeupe isiyo na mikunjo, simama hatua mbili mbele yake ili kivuli kisianguke juu yake, upigwe tena.